Pointi za Kidato cha Sita, GPA ya Diploma au Mtihani wa Watu Wazima: Kipi Hubashiri Vizuri Zaidi Ufaulu wa Chuo Kikuu?

Waombaji wawili wanagombea kiti kimoja kilichobaki katika shahada ya kwanza ya uchumi. Wote wamesoma tahasusi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi. Wa kwanza ana A ya Historia, B ya Jiografia na E ya Uchumi. Wa pili ana D ya Historia, C ya Jiografia na B ya Uchumi. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambamo A ni pointi 1 na E ni pointi 5, wa kwanza ana daraja la kwanza la pointi 8 na wa pili daraja la kwanza la pointi 9, na kwa hesabu hiyo mwenye pointi chache ndiye bora. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mambo hugeuka: A huwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Hapo jibu hutegemea masomo yanayohesabiwa. Ukichukua mawili aliyofanya vizuri zaidi, wa kwanza ana 9 na wa pili ana 7. Ukichukua Uchumi na Jiografia, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na kozi, wa kwanza anashuka hadi 5 na wa pili anabaki na 7 zake zilezile.

Hawa wawili nimewaunda mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini kila aliyewahi kukaa katika kamati ya udahili anawafahamu. Karatasi zao za matokeo hazibadiliki. Kinachobadilika ni mizani tunayowawekea. Ndiyo maana swali la kigezo kipi kinafaa haliwezi kujibiwa kwa kuangalia mwombaji peke yake, bali kwa kuuliza: mwanafunzi akishaingia darasani, ni kipi kati ya vile vilivyotumika kumwingiza kilichotupa habari za kweli kuhusu atakavyofanya? Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime anapoendelea. Kigezo hubashiri vizuri kadiri kinavyokaribiana na kazi halisi ya mwaka wa kwanza wa kozi inayohusika, na hubashiri vibaya kadiri kinavyojumlisha mambo ambayo kozi hiyo haitayauliza kamwe.

Kwanza, tunabashiri nini?

Neno "ufaulu" hutumika kana kwamba lina maana moja, ilhali lina angalau tatu: alama za mwaka wa kwanza, GPA (wastani wa alama) ya kuhitimu, na kumaliza masomo kwa wakati bila kuahirisha wala kuondolewa. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania GPA huhesabiwa kwa mizani ya 5, ambapo 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Mwanafunzi aliyemaliza na 2.8 bila kuwa na mtihani hata mmoja wa marudio, na mwenzake aliyemaliza na 3.6 baada ya kuongeza mwaka mzima, ni nani amefaulu zaidi? Mwajiri atajibu hivi, mzazi aliyelipa ada ya mwaka wa ziada atajibu vile.

Tofauti hii si ya maneno tu. Matokeo ya sekondari kwa kawaida huwa na sauti kubwa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu masomo ya mwaka huo yanajengwa juu ya yale ya kidato cha sita, kisha sauti hiyo hufifia kadiri mafunzo kwa vitendo, miradi ya utafiti na tabia ya kujisimamia vinavyochukua nafasi. Kamati inayotaka kupunguza idadi ya wanafunzi wanaokula "disko", kama wenyewe wanavyoita kuondolewa chuoni, inatafuta kigezo tofauti na kamati inayotaka wahitimu wengi wa daraja la kwanza, na ni vyema iamue mapema inatafuta kipi.

Kidato cha sita: nchi tatu, mizani tatu

Kwa wahitimu wa kidato cha sita, Tanzania imechagua njia ya kizingiti. Sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili ya msingi yenye jumla isiyopungua pointi 4.0, na masomo hayo yawe yale yanayoitambulisha programu inayoombwa. Kisha programu zenyewe, hasa za afya na uhandisi, huongeza masharti yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba inaelekeza macho kwenye somo, si kwenye daraja. Udhaifu wake ni kwamba kizingiti husema tu nani asiingie. Kati ya waliovuka, hakisemi neno, na hapo ndipo vyuo hurudi kwenye jumla ya pointi, tena mara nyingi bila kujiuliza jumla hiyo imebeba nini.

Kenya imechukua njia ya kuchanganya. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini humo, anayetaka shahada anapaswa kuwa na wastani wa C+ au zaidi, na kwa miaka mingi kanuni iliyozoeleka ya kupanga nafasi imekuwa hii: alama za masomo manne ya kundi la kozi hugawanywa kwa 48, alama za masomo saba hugawanywa kwa 84, majawabu hayo mawili huzidishwa, hutafutwa kipeuo chake cha pili, kisha huzidishwa kwa 48. Tuchukue watahiniwa wawili. Mmoja ana 40 katika kundi na 70 kwa jumla, anapata 40. Wa pili ni mahiri katika masomo ya kozi, ana 44 katika kundi, lakini kwa jumla ana 63. Anapata takribani 39.8. Yaani kanuni hii humwadhibu kidogo anayeng'aa katika masomo ya kozi na kulegea kwingine, ikamtanguliza aliye sawasawa kila mahali. Kwa kozi kama ualimu wa shule ya msingi huenda hilo ni sahihi. Kwa shahada ya takwimu naliona ni kosa, kwa sababu alama inayomshusha mtahiniwa inaweza kuwa ya somo ambalo hatalisikia tena hadi siku ya kuvaa joho.

Uganda ina mizani ya uzito, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiriwa kwa makini zaidi kati ya hizi tatu. Katika UACE, mtihani wa kidato cha sita wa nchi hiyo, alama A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O ni 1, na kila somo huzidishwa kulingana na ukaribu wake na kozi: masomo mawili ya lazima kwa 3, somo linalohusiana kwa 2, linalopendelewa kwa 1, na mengine kwa 0.5. Kwa hiyo A ya somo la lazima ina thamani ya 18, na A ileile katika somo lililo mbali na kozi ina thamani ya 3. Hata matokeo ya kidato cha nne, kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, yaliongeza sehemu ndogo za pointi: 0.3 kwa kila ufaulu wa juu kabisa, 0.2 kwa wa kati na 0.1 kwa wa chini. Tukiwapitisha wale waombaji wetu wawili wa HGE kwenye mizani hii, Uchumi na Jiografia zikazidishwa kwa 3 na Historia kwa 2, wa kwanza anapata 6, 15 na 12, jumla 33. Wa pili anapata 15, 12 na 6, jumla 33. Sare. Mizani iliyoundwa ili itofautishe imekataa kutofautisha, na nadhani katika hali hii imesema kweli: karatasi hizo mbili, kwa zenyewe, hazitoshi kuamua.

Kuna jambo jingine ambalo mizani zote tatu hulisahau, nalo ni kwamba herufi haina thamani ileile mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 wa KCSE walipata wastani wa A; mwaka 2016, baada ya udhibiti wa mitihani kukazwa, waliopata A walikuwa 141, na waliofikisha C+ walishuka kutoka zaidi ya 169,000 hadi 88,929. Hakuna anayeamini kwamba akili za vijana wa Kenya zilipungua hivyo kwa miezi kumi na miwili. Tanzania nayo ilibadili viwango vya alama kwa watahiniwa wa kidato cha sita wa 2014 na 2015 kabla ya kurudi kwenye mfumo wa madaraja, na ndiyo sababu masharti ya TCU huwataka wahitimu wa miaka hiyo miwili wawe na C mbili, ilhali wa kabla na wa baada yake hutakiwa D mbili, kwa jumla ileile ya 4.0. Anayelinganisha waombaji wa miaka tofauti bila kutazama mwaka uliochapwa kwenye cheti analinganisha vipimo ambavyo kila kimoja kina inchi zake.

Mtihani wa siku moja na kazi ya miaka

Mjadala huu umeandikwa kwa wingi zaidi Marekani, ambako vyuo vilikuwa na vigezo viwili tofauti kabisa vya kulinganisha: mtihani sanifu wa SAT, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, na wastani wa alama ambazo mwanafunzi amepewa na walimu wake kwa miaka minne ya sekondari. Mwaka 2007 Saul Geiser na Maria Veronica Santelices walichapisha uchambuzi wa wanafunzi karibu 80,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakaonyesha kwamba wastani wa sekondari ulibashiri matokeo ya miaka minne ya chuo vizuri kuliko mitihani sanifu. Mwaka 2020 kikosi kazi cha wanataaluma wa chuo hichohicho kikaripoti kwamba, kwa wanafunzi wa karibuni, mtihani ndio ulioubashiri mwaka wa kwanza vizuri kuliko wastani huo. Licha ya ripoti hiyo, bodi ya chuo ilipiga kura mwezi Mei 2020 kuuondoa mtihani. Chuo cha MIT kiliusimamisha kwa muda wakati wa UVIKO kisha kikaurudisha Machi 2022, kikieleza kwamba alama za hisabati hasa ndizo zilizokisaidia kutambua nani ataweza masomo yake ya mwaka wa kwanza.

Msomaji anaweza kuona hapa watu wanaopingana. Mimi naona watu wanaopima vitu viwili. Wastani wa miaka minne umebeba bidii, mahudhurio, uwezo wa kumaliza kazi kwa wakati na kuvumilia somo lisilopendeza, na hayo ndiyo humfikisha mtu kwenye mahafali. Mtihani umebeba kiwango cha maarifa siku ile, na hicho ndicho huamua kama utaifahamu kalkulasi ya muhula wa kwanza au utapotea wiki ya tatu.

Kuuchukua mjadala huo kama ulivyo na kuuleta kwetu ni kosa, kwa sababu mtihani wa kidato cha sita si SAT. Ni mtihani wa mtaala, wa masomo yaliyofundishwa kwa miaka miwili, hivyo umebeba bidii pamoja na maarifa. Kinachofanana zaidi na wastani wa sekondari wa Marekani, katika mazingira yetu, ni GPA ya diploma.

Diploma: kigezo kinachodharauliwa isivyostahili, na kuaminiwa isivyostahili

Mwenye stashahada ambaye watu wengi humwita tu mtu wa diploma huingia kwa kile TCU inachokiita sifa linganishi: kwa kawaida GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. GPA hiyo imekusanywa kwa mihula kadhaa, kwa majaribio, mazoezi ya vitendo, mafunzo kazini na mitihani. Ukiitazama kama ushahidi wa tabia ya kusoma, ni bora kuliko wiki chache za Mei za mtihani wa kidato cha sita.

Ugumu wake ni mwingine. Mtihani wa kidato cha sita ni mmoja kwa nchi nzima. GPA ya diploma, katika fani nyingi, hutokana na mitihani inayotungwa na kusahihishwa na chuo chenyewe. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, husimamia mitaala na viwango, lakini mkono wa msahihishaji wa chuo kimoja si mkono wa chuo kingine, na 3.8 ya chuo kigumu inaweza kuwa na uzito kuliko 4.4 ya chuo kinachogawa alama kama pilau ya arusi. Zipo fani zilizo na mtihani wa pamoja: stashahada ya ualimu hutahiniwa na NECTA, na kada za afya zimekuwa na mitihani inayoratibiwa na wizara. Kwa hizo, GPA hulinganishika. Kwa nyingine, kamati yenye busara hutunza kumbukumbu ya vyuo vinavyoiletea wanafunzi na kuona waliotoka kila chuo walifanyaje.

Kipimo cha pili cha diploma ni ukaribu wa fani. Diploma ya uhasibu kuelekea shahada ya uhasibu ni ushahidi wenye nguvu kuliko karibu pointi zozote za kidato cha sita, kwa sababu nusu ya mwaka wa kwanza mwanafunzi ameshaisoma kwa jina jingine. Diploma ya uhandisi ni habari mchanganyiko: kwa yale niliyoyaona, wenye diploma huumia katika hisabati za mwaka wa kwanza, ambako wenzao wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hupita wakipiga miluzi, na hali hugeuka kwenye karakana na kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Tabibu mwenye diploma anayekwenda kusoma udaktari anajua wodi kuliko mwalimu msaidizi anayemfundisha, lakini bayokemia haimuulizi mambo ya wodi. Kamati inayoangalia GPA ya mwaka wa kwanza peke yake itahitimisha kwamba wenye diploma ni dhaifu. Inayosubiri hadi mwaka wa nne inaweza kuhitimisha kinyume chake.

Kozi ya msingi, RPL na watu wazima

Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo humtaka mwanafunzi apate GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wake, ina sifa moja ambayo njia nyingine hazina: mtu amesoma kwa namna ileile atakayosoma shahada, yaani peke yake, kwa moduli, bila mwalimu wa zamu wa kumwamsha. Kwa anayeendelea katika elimu huria na masafa, naiona ni kipimo kizuri sana. Kwa anayehamia kozi ya maabara ya kutwa, nguvu yake hupungua.

Njia ya watu wazima ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, iliondoa utaratibu wa mwanafunzi kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Alitakiwa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa lugha ya leo, kigezo kilihamishwa kutoka maarifa kwenda mwenendo. Wasichana walilegezewa sharti hilo miaka michache baadaye baada ya idadi yao kushuka, na mwishowe utaratibu wote uliachwa. Somo ninalolipata hapo ni kwamba barua ya mapendekezo inaweza kusema mengi kuhusu anayeiandika na machache kuhusu anayependekezwa.

Leo Makerere huwapokea watu wa miaka 25 na kuendelea kupitia mtihani maalumu wa watu wazima, na Tanzania ina njia ambayo waombaji huijua kwa herufi tatu tu, RPL (utambuzi wa ujuzi wa awali), inayopima uzoefu kwa mtihani na kwa jalada la ushahidi wa kazi. Uwezo wa njia hizi kubashiri ni mgumu kuuthibitisha, kwa sababu wanaoziingia ni wachache na wamejichagua wenyewe. Anayeacha duka lake saa kumi na moja jioni akaenda darasani ana ari ambayo hakuna pointi inayoipima. Ana pia watoto, mkopo wa benki na mwajiri, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyomtoa, si mtihani.

Chekeche na zilizobaki

Vyuo vingi vikipima vigezo vyake kwa takwimu huishia kuona uwiano hafifu, yaani kwenda pamoja kidogo tu, kati ya pointi za kuingilia na GPA, kisha huibuka mtu kikaoni akasema matokeo ya kidato cha sita hayana maana. Hapo kuna mtego. Chekecha mchele, uchukue punje zilizobaki juu, uzipime: utakuta zinakaribiana ukubwa, wala huwezi kwa sababu hiyo kusema chekeche haikufanya kazi. Chuo cha tiba kinachopokea wenye alama za juu tu kimeshaondoa wale ambao wangeonyesha tofauti. Uwiano ndani ya waliochaguliwa kwa kawaida huwa mdogo kuliko ule ambao ungeonekana kama wote walioomba wangeingia.

Upande wa pili wa mtego ni kuamini mno. Hata uwiano wa 0.5, ambao katika nyanja hii huhesabiwa kuwa mzuri, unaeleza robo tu ya tofauti zilizopo kati ya wanafunzi, kwa kuwa 0.5 mara 0.5 ni 0.25. Robo tatu zimo kwingineko: kwenye ugonjwa, kwenye bweni lenye kelele, kwenye Kiingereza cha kusomea, kwenye bumu lililochelewa. Hili la bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, nalitaja kwa makusudi. Mwanafunzi asiye na nauli hukosa jaribio la katikati ya muhula, na kompyuta ya chuo huandika hilo kama udhaifu wa kitaaluma.

Zaidi ya hayo, alama ileile haitoki katika mazingira yaleyale. C ya Fizikia kutoka shule ya kata isiyo na maabara na C kutoka shule yenye maabara tatu hazibashiri jambo moja. Ya kwanza, mara nyingi, ina nafasi kubwa ya kupanda. Makerere ilikiri jambo la aina hiyo ilipoanza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichagua njia tofauti mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwapa wasichana wa sayansi kozi ya maandalizi kabla ya kuingia. Kati ya hizo mbili naipendelea ya pili, ingawa ni ghali zaidi. Pointi za nyongeza hufungua mlango tu. Kozi ya maandalizi hufungua mlango na pia hutoa kipimo kipya, kilicho karibu na mwaka wa kwanza kuliko chochote kilichotangulia.

Chuo kinachotaka kujua ukweli wake chenyewe hakihitaji programu ya gharama. Jedwali la kawaida la kompyuta lenye safu tano linatosha kuanzia: njia ya kuingilia, alama ya somo lililo karibu zaidi na kozi, jumla ya pointi au GPA ya diploma, GPA ya mwaka wa kwanza, na hali yake baada ya miaka mitatu au minne. Masharti ni mawili. Kwanza, kila kozi ipimwe peke yake, kwa sababu 3.2 ya uhandisi wa umeme si 3.2 ya kozi nyingine. Pili, walioondoka wasifutwe kwenye orodha, na sababu ya kuondoka iandikwe. Ukiwapima waliobaki tu, kila njia ya kuingilia itaonekana nzuri, kwa kuwa walioshindwa hawamo.

Kwa mzazi mwenye kijana wa kidato cha nne

Mzazi huliona swali hili kutoka upande mwingine: kijana aende kidato cha tano au akaanze diploma? Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, na diploma ya baada ya kidato cha nne kwa kawaida ni mitatu. Kwa kijana mwenye msingi imara wa hisabati na sayansi anayelenga uhandisi au udaktari, kidato cha sita humwandaa vizuri zaidi kwa mwaka wa kwanza, na mwaka mmoja huokolewa. Kwa kijana anayejua anachotaka, anayefanya vizuri katika kazi za kila wiki kuliko katika mtihani mmoja mkubwa, diploma ya fani ileile atakayoisomea shahada ni njia yenye ushahidi bora na hatari ndogo: akishindwa kuendelea, ana taaluma mkononi, ilhali aliyeanguka kidato cha sita anarudi na cheti cha kidato cha nne. Asichague diploma ya fani yoyote iliyo karibu na nyumbani kwa matumaini ya kubadili baadaye, kwa maana GPA nzuri ya fani isiyohusiana inaweza kumfungia mlango aliokuwa akiutaka.

Kile kiti kimoja

Turudi kwa waombaji wetu. Daraja linampa kiti wa kwanza kwa pointi moja. Masomo mawili bora yanampa wa kwanza kwa pointi mbili. Uchumi na Jiografia zinampa wa pili kwa pointi mbili. Mizani ya Uganda inawafunga 33 kwa 33. Ningekuwa mimi, ningeiweka karatasi ya kidato cha sita kando na kuomba ya kidato cha nne, nitazame mstari mmoja tu, wa Hisabati, kwa sababu muhula wa kwanza wa uchumi ni grafu, milinganyo na takwimu, na hakuna kati ya Historia, Jiografia na Uchumi wa sekondari lililowapima hapo. Wa kwanza akiwa na B na wa pili D, kiti ni cha wa kwanza, na ile E ya Uchumi ningemuuliza mwenyewe ilitokana na nini. Huenda shule yake ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo. Wakiwa sawa katika Hisabati, ningempa wa pili.